Mishale Miwili ya Landrova

Jumatatu, 23 Machi

Daftari hili nimepewa na Taghreed siku ya Idi. Alisema, "Baba, hasira zako uziandike humu, Mama apumzike." Nimelipokea kwa sababu jalada lake ni zuri. Mimi nauza misumari, kamba na rangi ya boti hapa mjini Bagamoyo, mwaka wa thelathini na moja huu, na wanaosema Saleh ana hasira ni watu ambao hawajawahi kuniona nimekasirika kweli.

Habari kubwa ya nyumba yangu ni kwamba Taghreed, binti yangu wa pekee, anaolewa. Nikahi ni tarehe 17 Aprili baada ya sala ya Ijumaa, na kesho yake anapelekwa Saadani kwa mumewe. Mume mwenyewe anaitwa Najim, anaendesha watalii kule hifadhini. Nimeonana naye mara mbili. Mara zote aliniamkia, akainamisha kichwa, akanyamaza mpaka nilipoondoka. Kijana anayelipwa kuonyesha watu nyani nilidhani angekuwa na maneno zaidi.

Njia ya Saadani kupitia Makurunge wakati wa masika si njia ya gari la kukodi. Kwa hiyo nimeapa mbele ya Zeyana mke wangu na mbele ya dada zangu wawili: bibi harusi atakwenda Saadani ndani ya Landrova yangu, na dereva nitakuwa mimi. Zeyana anasema baba hampeleki bintiye kwa mume kama anayepeleka saruji. Kazi hiyo ina wenyewe, somo wake aliyemfunda na shangazi zake. Nimemwambia somo na mashangazi watapanda nyuma. Gari lile ndilo lililomtoa Taghreed hospitali akiwa na siku mbili, na aliyeendesha nilikuwa mimi. Nimeshasema na sirudi nyuma.

Gari lenyewe liko tayari. Katika kumi la mwisho la Ramadhani nilikaa nalo uani nikalipaka rangi ya boti, ya kijivu, makoti matatu. Chumvi ya hapa inakula bati usiku na mchana, na dawa yake ni hiyo moja. Kwangu mimi kila kilicho cha chuma kina rangi ya boti: geti, viti, mizani ya dukani, hata sanduku la mikate. Dashibodi niliifungua yote. Nikatoa geji na kila kilichofungwa kwa skrubu, nikapaka hadi kwa nyuma kusikofika jicho la mtu, nikarudisha kila kitu mahali pake na skrubu haikubaki hata moja. Zeyana aliniuliza huko nyuma ataona nani. Nikamwambia Mungu anaona.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepeleka gari sokoni na kurudi, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu. Nikasimama, nikafungua boneti, nikaweka mkono kwenye rejeta. Joto la kawaida tu, hata chai ina moto zaidi. Mshale wa mafuta nao uko juu ajabu. Niliweka nusu tangi kabla ya Idi na bado unasoma robo tatu. Huu wa pili sina ugomvi nao. Nadhani injini imefurahia rangi, inakunywa kwa adabu.

Jumamosi, 28 Machi

Leo nimeaibika Zinga.

Nilikwenda kuona nazi za harusi kwa binamu yangu. Wakati wa kurudi, palepale penye maduka ya barabarani, Landrova ikakohoa mara tatu ikazima. Nikatazama geji: mafuta juu kidogo ya robo. Basi tatizo si mafuta. Nikafungua boneti, nikatoa plagi, nikazifuta moja moja kwa pindo la kanzu, nikazirudisha. Nikapuliza mpira wa mafuta. Nikalitukana gari kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kawaida. Watu wakaanza kukusanyika, kila mmoja na utaalamu wake.

Mama mmoja muuza maandazi akaniuliza kwa heshima kabisa kama mafuta yapo. Nikamwita aje aone geji kwa macho yake. Hakuja kuona geji. Akaenda nyuma ya gari, akalitikisa kwa nyonga, akasikiliza, akasema, "Tupu, baba. Hata dumu langu la mafuta ya taa likiisha hulia hivyo hivyo."

Lilikuwa tupu kweli. Watu saba wamenisukuma hadi kituo cha mafuta, na yule mama akatembea pembeni akiuza maandazi njia nzima kwa waliokuwa wanacheka. Na mimi nilinunua mawili. Yalikuwa matamu, sitaki kudhulumu.

Nimefika nyumbani nimeloa. Taghreed alitoka chumbani na simu mkononi, akaniuliza swali moja la ajabu: mishale yote miwili ilianza kukosea siku moja? Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama yote inakosea kwa kwenda juu. Nikamwambia ndiyo, na tangu lini bibi harusi akawa fundi. Akarudi chumbani na simu yake.

Jumatatu, 30 Machi

Gari kwa Mosi, fundi umeme wa magari, yule wa karibu na stendi. Amebadilisha kihisio cha joto kwenye injini. Mshale juu. Amefungua tangi akabadilisha boya linalopima mafuta. Mshale juu. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa humo muda, akatoka akauliza nani alifungua huku nyuma. Nikamwambia nilifungua mimi na nilirudisha kila kitu. Akaanza kusema, "Mzee, sasa hii rangi…" na mimi nikamweleza habari za rangi ya boti kuanzia mwanzo hadi mwisho, jinsi inavyozuia kutu na namna ya kukoroga. Nilipomaliza alikuwa amekwisha kufunga kisanduku chake cha spana.

Vijana wa siku hizi hawana subira ya kutafuta ugonjwa.

Jumanne, 31 Machi

Zeyana ananipakulia wali, anasema taratibu, "Bwana, labda ni ile rangi." Nimemwambia rangi haina waya.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Duka halikupata mteja zaidi ya mmoja, naye alikuja kujikinga.

Ijumaa, 3 Aprili

Baada ya sala amekuja Mzee Abdulazizi, mshenga wa upande wa Najim. Mtu wa watu, mwembamba, ana maneno ya kusuka. Alikaa, akaulizia afya ya kila mtu wa nyumba hii mpaka paka, akanywa kahawa tatu. Nikajua ana jambo.

Kumbe jambo lenyewe ni gari. Kijana amesikia gari la baba mkwe linasumbua kidogo na amehuzunika. Nikamjibu gari halisumbui, geji ndizo zenye kiburi. Abdulazizi akakohoa, akasema kijana kamtuma neno moja tu: mtu aliyejifunika nguo nyingi mno, hata mwenziwe akimgusa hahisi kwamba ameguswa.

Nimelitafakari neno hilo jioni nzima. Mwisho nimeona upande wa bwana harusi wanalalamikia sanduku la bibi harusi, kwamba nguo zimezidi. Nimemwambia Zeyana apunguze. Zeyana amenitazama muda mrefu, kisha akaenda jikoni, na huko nimemsikia anacheka na Taghreed hadi wakaangusha mwiko.

Jumapili, 5 Aprili

Safari ya majaribio hadi Mbegani na kurudi. Nimesimama mara tano, kila mara mshale umo kwenye nyekundu, kila mara rejeta haina neno. Mvua imeninyeshea mara zote tano. Mara ya mwisho walipita wanafunzi wa chuo cha uvuvi wakaniuliza kama nauza samaki.

Nimechukua plasta nyeupe ya vidonda nikazibandika geji zote mbili. Nisichokiona hakinisumbui. Zeyana ananiuliza, mwanangu akiwa na homa utaifunga kitambaa themometa? Usiku usingizi nilikosa kidogo. Njia ya Saadani ni ndefu, matope yake yanashika gari mpaka ekseli, na injini ikiungua katikati ya pori nikiwa na bibi harusi nyuma, nitaitazama vipi familia ya watu?

Jumanne, 7 Aprili

Ujumbe kwa simu kutoka Saadani, kwa adabu zote: wako tayari kuleta gari la kwao limchukue bibi harusi, na mimi nipumzike, nije baadaye njia ikikauka.

Nije baadaye. Kama kifurushi kilichosahauliwa. Nimejibu kwamba atakayempeleka Taghreed ni baba yake, au hapelekwi.

Taghreed kanisikia. Chakula cha mchana hakula.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo nimekasirika kweli.

Saa nne asubuhi Abdulazizi kaja tena, na kanzu mpya, nyuma yake wanawake wawili wa Saadani, mmoja amebeba sinia kichwani limefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Dada zangu walikuwepo, majirani walikuwepo, ukumbi umejaa watu waliokuja kuchambua mchele. Likapigwa kigelegele, kwa kuwa kila mtu alijua ni zawadi ya mkwe. Sinia likawekwa mbele yangu. Abdulazizi akasema ni heshima ya kijana kwa baba yake, na kwamba kijana ameomba nilifunue mwenyewe.

Nimefunua. Halua upande huu. Ubani na udi upande ule. Asumini pembezoni, zimepangwa vizuri. Na katikati, juu ya kitambaa cheupe kama mtoto mchanga, waya mmoja wa kijani, urefu wa shubiri mbili, ncha zote zimefungwa vipete vya shaba, na kando yake kipande cha msasa.

Dada yangu mkubwa akauliza waya huo wa nini. Nikawaangalia mmoja mmoja: Zeyana anatazama mkeka, Taghreed amejificha nyuma ya pazia, Abdulazizi anahesabu asumini. Hapo nikaelewa kwamba kila mtu ndani ya nyumba yangu anajua jambo ambalo mimi silijui, na wamelijua siku nyingi.

Nikasimama. Nikasema nimeuza waya katika mji huu kabla kijana huyo hajaota meno, na sijawahi kuletewa waya kwenye sinia kama mwari. Nikasema kama ananiona mjinga, aje aniambie kwa mdomo wake mwenyewe. Abdulazizi akasema kwa upole mkubwa, "Sheikh Saleh, hawezi. Mkwe hamwambii mkwewe amekosea. Ndiyo maana tumekuja sisi." Nikamwambia basi aende akamwambie kwamba Landrova haiendi, na mimi siendi, wamchukue wenyewe na gari lao.

Nilitoka nikaenda dukani nikajifungia. Nikiwa huko nikapanga misumari yote upya kwa ukubwa. Hakuna aliyenifuata. Niliporudi alasiri, Taghreed alikuwa uani anaosha vyombo vya wageni, macho mekundu, na hakuniamkia.

Nilikuwa nimesema siendi. Kumbe jambo nililolitaka mwaka mzima huu ni hilo tu, kwenda naye.

Ijumaa, 10 Aprili

Asubuhi mapema, mvua imekatika. Nilikwenda uani na ule waya na ule msasa, nia yangu moja tu: kuthibitisha kwamba havisaidii kitu, niwaite wote waje waone.

Nikafungua dashibodi. Nyuma yake kuna kikasha cha bati, hakizidi kiberiti, kimefungwa kwa skrubu moja. Nilikipaka mwenyewe, nilikikumbuka. Nikaufuata mkondo wa nyaya kwa kidole: kutoka betri umeme unaingia kwenye kikasha hicho, humo unapunguzwa nguvu, kisha unagawanywa kwenda geji zote mbili. Zote mbili. Nikaketi juu ya ngazi ya mlango nikakitazama. Kikasha hakina waya wa kurudisha umeme. Hurudi kwa kugusa tu bati tupu la gari, kile ambacho Mosi na wenzake huita athi. Na mimi bati lile sikuliacha tupu hata kwa upana wa ukucha. Makoti matatu, mbele na nyuma. Kikasha hakimgusi mtu. Kimevaa nguo nyingi mno.

Basi kikasha kikikosa pa kurudisha umeme hakipunguzi chochote, kinaachia nguvu zote za betri ziende kwenye geji, na geji zote mbili zinatia chumvi, kila moja kwa namna yake.

Nimesugua kwa msasa pale chini ya skrubu mpaka bati likang'aa. Nimefunga kipete kimoja cha waya kwenye kikasha, cha pili kwenye bati. Nimebandua plasta. Nimewasha gari nikaliacha likiunguruma.

Mshale wa mafuta ulipanda pole pole ukasimama kwenye nusu, na nusu ndiyo niliyoweka juzi. Mshale wa joto ulipanda zaidi, nikaushika usukani kwa mikono miwili kama niko barabarani. Ukafika katikati. Ukatulia hapo. Nikangoja dakika kumi, ukakaa hapo hapo.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Nimepaka rangi gari langu hadi likapoteza fahamu. Nikafunga dashibodi, nikanawa mikono, nikaingia ndani nikaketi kunywa chai bila kusema neno. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini hakuna palipoandikwa kwamba akubali kabla ya kifungua kinywa.

Jumapili, 12 Aprili

Siku mbili nimeficha. Nilidhani nimeficha. Nimeendesha gari mjini kutwa, plasta hakuna, dirisha wazi, na kila nikipita kwa Mosi ananipungia mkono na kutabasamu. Leo Zeyana ananiandalia uji, anasema, "Mficha uchi hazai. Sema tu, mume wangu, tukucheke mara moja yaishe."

Nikasema. Wamenicheka. Dada zangu wamenicheka, majirani wa mchele wamenicheka, na Taghreed amekuja akaketi karibu nami akanishika mkono, naye anacheka na kulia pamoja. Ameniambia Najim alijua tangu siku ya Zinga, kwa simu, kwa yale maswali mawili. Vitu viwili havikosei siku moja na upande mmoja kwa bahati, kuna kimoja kinachovilisha vyote. Akaogopa kuniambia. Ndipo akatuma fumbo, na fumbo liliposhindikana akakaa siku mbili anatengeneza ule waya, anafunga vipete na kuvifungua mpaka avione vizuri.

Na mimi nilikuwa nimempunguzia mke wake nguo.

Sinia la watu halirudi tupu. Zeyana ameweka sambusa na mkate wa kumimina. Mimi nimeweka brashi yangu ya rangi, ile ya inchi tatu, nimeiosha kwa mafuta ya taa hadi ikawa nyeupe, nimeifunga utepe. Nimemwambia Abdulazizi amfikishie kijana kwamba Landrova inakwenda na mimi nakwenda, na kwamba brashi aifiche mbali. Abdulazizi alicheka mpaka akashikilia mlango.

Alhamisi, 16 Aprili

Nyumba imejaa wanawake. Nimefukuzwa kutoka vyumba vyote. Naandikia ndani ya gari.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimemwozesha binti yangu. Nilipomshika Najim mkono mbele ya shehe, kiganja chake kilikuwa kimeloa jasho, na changu pia. Maneno yangu niliyatamka yote bila kukosea. Nikarudi nyumbani nikakuta Zeyana amekaa peke yake jikoni, nikakaa naye.

Jumapili, 19 Aprili

Nimerudi leo adhuhuri. Nitaandika yote kabla hayajanipotea.

Jana tulitoka saa moja asubuhi. Nyuma Taghreed amefunikwa kanga na mtandio, kushoto kwake somo wake Bi Mwanajuma, na dada zangu kwenye viti vya mwisho na vyungu vyao. Mbele palikuwa na mtihani. Najim lazima akae mbele, njia anaijua yeye. Lakini mkwe na mkwewe bega kwa bega safari nzima ni jambo la kuona haya, kwa hiyo Abdulazizi tukamweka katikati yetu, magoti yamekutana na kidevu, gia ikimgonga kila nikibadilisha.

Tukazungumza kupitia kwake. Najim anasema, "Mwambie mzee ashike kulia." Abdulazizi ananiambia, "Kijana anapendekeza, kama utaona vyema, kulia kuna uzuri wake." Nami nishakata kulia zamani. Wanawake nyuma wanaimba. Tumevuka mto Wami, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na mshale uko katikati, umetulia. Sijawahi kuendesha gari kwa furaha kama ile.

Baada ya hapo njia ikaharibika. Maji yamesimama kwenye tope jeusi, nyasi katikati ya njia zimefika kwenye boneti, tunazilaza tukipita. Tulizama mara mbili tukatoka kwa gia ndogo. Kisha mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona. Nikajiambia ni yale yale, umerudia uongo wake, waya umelegea na matope. Wiki mbili nimesimama kwa ajili ya mshale ule na kuloa bure. Saadani wanatusubiri, ngoma iko nje, na mimi nataka kuingia na bibi harusi tukiwa tunaimba, bila kusimama.

Najim akasema jambo kwa Abdulazizi. Abdulazizi akaniambia, "Kijana anaona mandhari ya hapa yanafaa kwa mapumziko mafupi." Nikamjibu amwambie tutapumzika tukifika.

Mshale ukaingia kwenye nyekundu. Nikaongeza mwendo.

Hapo ndipo Najim alipoinama mbele, akampita Abdulazizi kwa kichwa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakupaza sauti. "Baba, simamisha gari. Geji sasa inasema kweli, na humu ndani yumo mke wangu. Siwezi kunyamaza."

Wanawake wakaacha kuimba. Hasira yangu ilinipanda, naikiri, ilinipanda mpaka masikioni. Ikadumu muda wa kukanyaga breki. Gari liliposimama, mvuke ukatoka chini ya boneti mwingi kama wa sufuria ya pilau, na hasira ikaisha yote palepale.

Rejeta ilikuwa imezibwa na mbegu za nyasi na tope, uso mzima, hewa haipiti. Dakika tano zaidi na injini ingekuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Najim alivua koti la harusi, akapiga magoti kwenye matope na kanzu yake nyeupe, akaanza kuchomoa mbegu kwa vidole. Nami nikapiga magoti upande wa pili. Tukangoja ipoe, tukaiosha kwa maji ya madumu kutoka ndani kuja nje, taratibu. Wanawake walishuka wakala visheti. Dada yangu mkubwa alisema hajawahi kuhudhuria harusi yenye mapumziko mazuri kama hayo.

Tukiwa tumeinama pale nilimuuliza kwa nini siku zote zile hakuniambia moja kwa moja. Alisema alikuwa ananionea haya, na aliogopa nitamkatalia Taghreed. Nikamuuliza na leo je, hakuogopa? Akasema aliogopa sana. Alisema hivyo huku anachomoa mbegu, bila kunitazama, tope limefika kwenye viwiko.

Nimelea mtoto miaka ishirini na sita. Kila aliyekuja kumposa nilijiuliza swali moja, kama ataweza kumlinda, na sikuwahi kupata jibu, hata kwa huyu. Jana asubuhi nililipata, katikati ya pori. Nilitaka kumkumbatia, nikampa dumu lingine la maji.

Gari lilipokuwa tayari, mshale umerudi katikati, wote wakapanda wakaningoja. Zilibaki kama kilomita kumi. Nilisimama mlangoni nikashika usukani, nikauachia. Nikamwita Najim nikampa ufunguo. Abdulazizi akafungua mdomo apokee ujumbe, nikamwambia leo apumzike. Bi Mwanajuma nikamwomba ahamie nyuma kwa dada zangu, nami nikaingia pale alipokuwa, karibu na Taghreed.

Alikuwa ameinama ndani ya kanga kama wanavyofundishwa. Aliponihisi akasogea, akaufunua mtandio kidogo upande wangu.

"Baba, mbona umekuja huku? Si uliapa utaendesha wewe?"

"Mbele yuko dereva," nikamwambia.

Akaulaza uso wake begani kwangu. Alinukia udi na asumini. Gari likaondoka kwa upole kuliko nilivyozoea kuliondoa mimi, na dada zangu wakaanza wimbo upya, na tulishikana mikono hivyo mpaka Saadani.